Vidole Vilivyozijua Rangi

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, Mjomba atarudisha ngazi stoo, atatundika funguo za gari la kazi kwenye msumari wake, na kustaafu rasmi baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwafungia watu mitandao ya waya majumbani mwao. Alipoanza, kampuni yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu, na kazi yenyewe ilikuwa kuvuta nyaya za simu na za kengele za mlangoni. Leo tuna ghorofa mbili, magari sita, na mashine ya kahawa ambayo yeye peke yake anajua pa kuipiga ngumi ili itoe kahawa. Sote tunamwita Mjomba, pamoja na Bosi, pamoja na wateja waliomzidi umri, na hakuna anayekumbuka nani alianza.

Wasifu huu utasomwa kwa sauti na fundi mkuu wetu, Baba Mapacha, huku mimi nikiusimulia kwa mikono pembeni yake. Kwa wageni wasionijua: mimi ni mkaguzi wa kazi, na ni kiziwi tangu utotoni. Mafundi wakishamaliza nyumba, mimi hufuata nyuma na kifaa changu cha kupimia, nikachomeka kila tundu, nikaangalia taa. Taa zikiwaka kwa mpangilio, kazi imepita. Zisipowaka, fundi anarudi kurekebisha, na kwa kawaida anarudi akiwa amenuna. Kwa miaka yote niliyoikagua kazi ya Mjomba, sijawahi kumrudisha. Hilo peke yake lingetosha kumsifia mtu na tukaenda kula, lakini nina mengine, na chakula kitasubiri.

Huwa tunaulizwa, tena na watu wenye simu nzuri mkononi, nani bado anatoboa kuta kuvuta nyaya zama hizi za waifai. Mjomba ana jibu lake, na hulitoa akiwa juu ya ngazi bila hata kugeuka. Waifai, anasema, ni kumpigia mtu kelele kutoka chumba cha pili. Waya ni kumnong'oneza sikioni. Mimi binafsi sijapata kusikia kelele wala mnong'ono, lakini nimepima nyumba za aina zote mbili na ninamwamini. Mahali penye kuta nene na zege juu na chini, watoto watatu kila mmoja na mchezo wake, na baba anayefanyia kazi za ofisi jikoni, waifai huchoka mapema. Waya wa Mjomba hauchoki.

Namna yake ya kufanya kazi iliwatia wazimu waliopangwa kwenda naye. Mafundi wengine hufika na drili mkononi. Yeye hufika na swali: nani hukaa wapi? Haulizii kompyuta, anaulizia watu. Bibi anapenda kiti gani, mtoto anafanyia wapi kazi za shule na akigombezwa anakimbilia wapi, baba anajificha wapi timu yake ikifungwa. Hunywa chai aliyokaribishwa hadi tone la mwisho, macho yakizunguka. Kisha hupita akigonga kuta kwa kifundo cha kidole, kichwa amekiinamisha kama daktari, na kuacha alama ndogo za penseli. Mama mmoja alipiga simu ofisini kulalamika kwamba tumempelekea mpelelezi. Wiki iliyofuata alipiga tena, kuomba mpelelezi huyo huyo aende kwa dada yake.

Nyaya zake hazikati kona kali na hazilali ubavuni mwa nyaya za umeme. Kila mwisho wa waya huuachia akiba ya mkunjo mmoja ndani ya ukuta, ili fundi atakayekuja baada yake asilazimike kuanza upya. Nilimwona kwa macho yangu, katika nyumba moja kuukuu, akigonga ukuta wa ngazi mara mbili, akatabasamu, akamwambia mwenye nyumba hapana haja ya drili. Aliondoa kifuniko kilichokwisha pakwa rangi mara kadhaa, na nyuma yake kulikuwa na bomba jembamba lililopanda moja kwa moja hadi darini. Aliliweka yeye mwenyewe, enzi za kengele za mlangoni, kabla mimi sijazaliwa. Alikuwa amesahau sura ya nyumba, amesahau hata mtaa, ila mlio wa ukuta aliukumbuka. Nilisimama pale nimeduwaa na kifaa changu mkononi.

Halafu kuna shuka. Ni shuka la zamani la maua makubwa, ambalo hulitandika chini ya kila tobo analochimba ili vumbi lisiguse sakafu ya watu. Akimaliza hulikusanya kwa pembe zake nne, akatoka nalo nje, akalikung'uta mbali na nguo zilizoanikwa. Kampuni ilimpa turubai jipya la bluu lenye nembo. Alishukuru sana, akaenda kulifunikia gari lake nyumbani.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo wazee wa kampuni wanalijua na wageni wetu pengine wamelisikia nusu nusu.

Mjomba alikuwa na vituko ambavyo kwa miaka mingi watu walivichukulia kuwa utani. Siku moja, mkewe akiwa safarini, alikuja kazini na shati la kahawia wakati wenzake wote wamevaa ya kijani ya kampuni. Akashinda nalo mchana kutwa bila wasiwasi, na alipoulizwa alicheka akasema amechoka kufanana nao. Muuza nyanya wa pale sokoni alimpiga marufuku kugusa bidhaa zake, kwa sababu badala ya kuzitazama aliziminya moja moja kama anayetafuta uvimbe. Lango la nyumbani kwake alilipaka rangi mwenyewe, ubao mmoja hivi, ubao wa pili vile, na majirani aliwaambia huo ndio mtindo. Soksi zake sizisemi. Dalili zilikuwa zikitembea mbele ya watu kila siku, na kila mtu alicheka akaendelea na kazi.

Ukweli ni kwamba Mjomba haoni tofauti kati ya kijani, kahawia na rangi ya chungwa. Kwake zote tatu ni rangi moja, ile ya udongo ulionyeshewa. Amezaliwa hivyo. Shuleni alichora mti wenye majani ya kahawia, mwalimu akauinua juu darasa zima licheke, na tangu siku hiyo akajifunza kunyamaza. Aliyejua ni mkewe peke yake. Mkewe ni fundi cherehani, na aliporudi kutoka safari ile alianza kumshonea fundo dogo la uzi ndani ya ukosi wa kila shati la kijani, alipapase asubuhi ajue anavaa nini.

Asiyeijua kazi yetu aelewe uzito wake. Ndani ya kila waya wa mtandao mna vinyaya vinane vyembamba, vimesokotwa viwili viwili: jozi ya bluu, ya chungwa, ya kijani na ya kahawia. Mwishoni mwa waya tunabana kichwa cha plastiki, kile kinachochomekwa kwenye kompyuta, na ndani ya kichwa hicho kila kinyaya kina nafasi yake kulingana na rangi. Ukichanganya, mtandao haupiti. Mpangilio wa rangi ndilo somo la kwanza analofundishwa fundi, na hapa alikuwepo mtu asiyeona rangi tatu kati ya hizo nne, na wateja walikuwa wakigombania kufungiwa na yeye.

Aliwezaje? Kwa vidole. Kila jozi imesokotwa kwa namna yake, nyingine imekazwa, nyingine imelegezwa, ili mawasiliano ya jozi moja yasiingilie ya jirani. Viwandani wanafanya hivyo kwa ajili ya mtandao, hawakumfikiria mtu yeyote. Mjomba alikuja kugundua kwamba akipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya jozi, anaisoma. Kijani imebana sana, chungwa imelegea kidogo, kahawia imelegea kabisa. Bluu aliiona mwenyewe. Na katika kila jozi kinyaya kimoja kina weupe na mwenzake hana, na weupe haumpotei. Alifanya hivyo darini, uvunguni, nyuma ya makabati, haraka kiasi kwamba aliyekaa naye bega kwa bega aliona tu fundi anayenyoosha waya wake vizuri. Mimi husikia kwa macho na kuongea kwa mikono, na nilidhani nimeshamaliza kushangazwa na yanayowezekana kwa mwili wa mtu. Nilipolijua hili nilistaajabu, na hadi leo sijapoa.

Nyumba iliyoifichua siri yake ni ya kwetu.

Nilikuwa nikisoma nyumbani kwa video, na mwalimu wangu wa lugha ya alama alikuwa mji mwingine. Kwa waifai yetu, picha iliganda kila mara. Kwa anayesikia si neno, picha ikiganda sauti huendelea. Kwangu mimi mikono ya mwalimu ilisimama hewani na nusu ya neno, nami nikabaki nimeikodolea macho nusu ile kama mtu aliyefungiwa mlango usoni. Baba akaita kampuni. Akaja Mjomba na shuka lake la maua, akamuuliza mama nani hukaa wapi, mama akamwonyesha meza yangu. Akavuta nyaya vyumba vyote, zote zikikutana kwenye kisanduku kimoja koridoni. Mkaguzi wa wakati huo akapima, taa zote zikawaka. Jioni ile niliona kwa mara ya kwanza sentensi ndefu ya mwalimu wangu hadi mwisho wake. Nililia, na sioni haya kusema.

Miezi ikapita, nikaitwa kwenye usaili wa kuingia chuo cha ufundi. Ulikuwa usaili wa video, kwa lugha ya alama, na ulifanyika mara moja tu kwa mwaka. Nikiukosa, ni kukaa nyumbani hadi mwaka unaofuata. Siku moja kabla, baba alisogeza meza yangu dirishani ili mwanga uiangaze mikono yangu na wasaili waione vizuri. Mguu wa meza ukakanyaga kichwa cha waya, kikapasuka. Baba alijilaumu hadi mama akamwomba akajilaumie chumba kingine.

Kampuni ikamtuma fundi mpya, aliyekuwa bado kwenye miezi ya majaribio, mwenye watoto mapacha wachanga nyumbani. Ndiye huyu anayewasomea sasa, na ameniruhusu niseme. Alikata kichwa kilichopasuka, akaweka kipya kwa mpangilio wa rangi kama alivyofundishwa. Hakuna taa. Akakikata, akaweka kingine. Hakuna. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Akaweka cha tatu, akapima, na kifaa kikamwonyesha kwamba jozi mbili zimepishana, ingawa kwa macho yake kila rangi ilikuwa mahali pake. Akapiga simu ofisini. Ofisini waliona jambo moja tu: ukiacha kichwa kilichopasuka, mtandao ulikuwa mzima hadi mikono yake ilipougusa. Bosi akamwambia aache, arudi waongee. Mtu aliye kwenye miezi ya majaribio anajua maana ya kuambiwa arudi waongee.

Kabla hajafunga mkoba wake, Mjomba akaingia. Alikuwa amesikia ni nyumba yetu, akaja bila kutumwa. Akatandika shuka, akaketi sakafuni, akaushika waya. Nilikuwa kitandani nikimtazama, maana kutazama watu ndiyo kazi niliyoifanya muda mrefu kuliko zote. Akapitisha ukucha. Akarudia. Akainuka, akaenda kwenye kisanduku cha koridoni, mbele ya mlango wangu uliokuwa wazi, akashika waya baada ya waya. Kisha akamwomba Baba Mapacha asogee amtajie rangi anazoziona mle ndani, nafasi moja moja. Baba Mapacha akataja. Nikaona uso wa Mjomba unazeeka nikiutazama.

Kilichotokea ni hiki. Wakati nyumba yetu inafungwa, waya wetu wa siku zote ulikuwa umeadimika, na stoo wakanunua katoni za kiwanda kingine. Kwenye waya ule, jozi ya kahawia ndiyo iliyobana na ya kijani ndiyo iliyolegea. Vidole vya Mjomba vikasoma vilivyozoea kusoma. Akaweka kahawia mahali pa kijani, na kijani mahali pa kahawia, nyumba nzima, kwenye kila mwisho wa kila waya. Na kwa kuwa miisho yote miwili ilikosewa sawasawa, mtandao ulipita bila shida na kipimo kikawasha taa zote. Kosa lile lingeweza kukaa ukutani hadi nyumba ibomolewe bila kumdhuru mtu. Lilidhuru siku fundi mwingine alipokuja akaweka kichwa kimoja kwa usahihi.

Angeweza kunyamaza. Nimelifikiria hili mara nyingi sana. Angekirekebisha kile kichwa kimya kimya, aondoke akishukuriwa, na Baba Mapacha aende akaongee na Bosi. Hakuna ambaye angemuuliza. Badala yake alitoa simu, akampigia Bosi pale pale koridoni, mbele ya baba, mama na Baba Mapacha. Mama alikuwa akinitafsiria. Mjomba alimwambia Bosi kwamba fundi mpya hana kosa, nyumba ameikosea yeye. Akasema haoni kijani, haoni kahawia, haoni chungwa, hajawahi kuziona, na hakusema miaka yote hiyo kwa sababu aliogopa kufukuzwa. Bosi akasema wamalize kwanza waya wa binti, mengine kesho.

Kwa hiyo mtu aliyerudi kuketi sakafuni chumbani mwangu hakujua kama kesho atakuwa na kazi. Alichuna ganda la waya, akavitandaza vile vinyaya vinane, akamtazama mama. "Mwambie binti aniazime macho," alisema.

Nikashuka, nikaketi kwenye shuka la maua. Yeye anaonyesha, mimi namwashiria: kijani ile, kahawia hii. Akaichukua kijani akaipeleka mahali pa kahawia. Nikamshika mkono. Nilikuwa nimemtazama Baba Mapacha akiweka vichwa vitatu, mpangilio nilishaukariri. Mjomba akatikisa kichwa, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie, akamwambia mama jambo, na mama akanitafsiria. Nyumba hii yote inaongea lugha moja, alisema. Ni lugha mbovu, lakini ni moja. Chumba cha binti kikiongea kwa usahihi peke yake, hakuna atakayekielewa.

Mama alipomaliza, tulitazamana. Yeye na baba walijifunza lugha ya alama ukubwani, kwa shida, na hadi leo mikono yao ina makosa ya kuchekesha. Baba huchanganya alama ya chumvi na ya jirani, na huwa tunamwacha. Ila katika nyumba yetu wote tunaongea lugha moja. Maneno ya Mjomba niliyaelewa kuliko alivyodhani, nikauachia mkono wake. Akavipanga kwa makosa yake yale yale ya zamani, akabana koleo. Taa ikawaka. Ilikuwa ya kijani, na ilibidi nimwambie.

Asubuhi, mikono ya wasaili haikuganda hata mara moja, na yangu ilionekana vizuri kwenye mwanga wa dirisha la baba. Nilipata nafasi.

Asubuhi hiyo hiyo Mjomba alikuwa amesimama mbele ya Bosi. Haya nimeyapata kwa waliokuwepo, na wanayasimulia kila mwaka yakiongezeka chumvi, lakini kiini hakibadiliki. Alikuwa amesafisha zana zake zote na kuzipanga mkobani, tayari kuukabidhi. Bosi hakuugusa mkoba. Aliomba kipande cha waya, akafumba macho, akajaribu kusoma jozi kwa kidole. Akashindwa. Akawaita mafundi, mmoja mmoja wakafumba macho, wakakisia, wakakosea, wakacheka. Kisha akamfunga Mjomba kitambaa usoni, akampa waya ule wa kawaida, na Mjomba akazitaja jozi zote nne mtu akiwa bado anatafuta mahali pa kusimama aone vizuri. Wanasema chumba kilinyamaza. Mimi sijui kimya kinavyosikika, lakini kila aliyenisimulia alianzia hapo, kwa hiyo nadhani kilikuwa kikubwa.

Bosi akaamua mambo mawili. Kwamba tangu siku ile, hakuna katoni ngeni inayotoka stoo kabla mtu mwenye macho hajamtajia Mjomba rangi zake naye akazishika. Na kwamba hakuna fundi atakayevuka miezi ya majaribio kabla hajaweza kusoma waya akiwa amefumba macho. Aliyeanza kufundishwa ni Baba Mapacha. Ndiyo maana, enyi wageni wetu, mkipita stoo asubuhi mtakuta watu wazima wamesimama karibu na katoni iliyofunguliwa, macho wameyafumba, wakipapasa. Hawasali. Tunaita kusalimia waya. Na kila fundi wa kampuni hii ambaye tochi imewahi kumzimikia darini ameshamshukuru Mjomba kimoyomoyo, kisha akamaliza kazi yake gizani.

Baada ya chuo nilikuja kuomba kazi hapa, na wa kwanza kujifunza kuongea nami alikuwa yeye, saa za chakula, mkate mkono mmoja na sarufi mkono mwingine. Vidole vile havikuhitaji kufundishwa mara mbili. Sisi viziwi humpa mtu jina la alama, jina linalotokana na yeye mwenyewe alivyo. Lake nililiweka mimi: kidole gumba kikisugua taratibu ncha ya kidole cha shahada. Mnaliona hapa ninaposimama, kila Baba Mapacha anaposema Mjomba.

Mwezi uliopita alikuja mezani kwangu na ombi. Alitaka kazi yake ya mwisho iwe nyumba yetu. Akate kila kichwa, akiweke upya sawasawa, asije akastaafu huku ameacha kosa lake kwenye kuta za watu. Baba alishamkatalia zamani, mara kadhaa, akimwambia kitu kinachofanya kazi hakiguswi. Safari hii alikuja kwangu. Aliniambia kwa mikono, taratibu, bila utani hata kidogo, na nikaona kwamba miaka yote hii tukimsifu, yeye alikuwa akiikumbuka korido ile.

Nilichukua kifaa changu, yeye akachukua ngazi na shuka lake, nikaenda naye nyumbani. Nikapima mbele yake, tundu kwa tundu, jikoni, sebuleni, kwa wazazi, chumbani mwangu. Taa zote ziliwaka. Nikafungua kifuniko cha kisanduku koridoni, nikamwonyesha maneno ambayo Baba Mapacha aliyabandika kwa ndani siku nyingi, na ambayo Mjomba hakuwa ameyaona: Nyumba ya Mjomba. Kijani na kahawia zimebadilishana. Fuata hivyo hivyo. Akayasoma, akayarudia. Ndipo nikamwambia kwamba kwenye kampuni hii mkaguzi ni mimi, na neno la mwisho kuhusu nyumba ni langu, si la fundi. Kazi imepita. Ilipita tangu siku ya kwanza. Sitaki aiguse.

Alicheka, kisha akaketi kwenye ngazi yake, akajifuta macho kwa pembe ya shuka la maua.

Mjomba, tunakushukuru kwa kuta ulizozigonga, kwa chai zote ulizozimaliza, kwa akiba ya waya uliyotuachia ndani ya kila ukuta, na kwa simu moja uliyopiga koridoni. Shuka umesema linabaki stoo kwa Baba Mapacha, nasi tunalipokea kwa heshima. Turubai la bluu, tafadhali, lirudishe. Nenda kapumzike na mkeo, ambaye ameshatangaza kwamba kisanduku chake cha nyuzi hutakigusa. Tunakuombea afya, siku ndefu za raha, na soksi zozote utakazo.

Baba Mapacha akifika mwisho wa sentensi hizi, naomba msipige makofi. Viziwi tunapomshangilia mtu, tunainua mikono juu na kutikisa vidole. Naomba leo tufanye hivyo, ukumbi mzima, watoto na wazee. Wala msijali mmevaa rangi gani, hatazitofautisha. Vidole atavijua.